Kijana wako akitaka kukimbia kilomita 21, usimvunje moyo



Huku kwetu Jorodom, katika nyanda za Mbulu na Hanang, si ajabu kumwona kijana akikimbia barabarani baada ya swala ya Alfajiri. La kusikitisha ni kwamba wengi huishia hapo hapo barabarani. Yupo kijana wa msikiti wetu ambaye kwa miezi mitatu amekuwa akikimbia kila asubuhi, na sasa kilomita 10 hazimtishi. Alipoulizwa kwa nini hajiandikishi katika nusu marathoni, alitaja mambo mawili: anaona haya kumaliza wa mwisho mbele za watu, na mzee wake anahesabu mbio kuwa ni mchezo wa wasio na kazi. Maneno haya tunayasikia katika nyumba nyingi, na yote mawili yana majibu.

Tuanze na wazee wetu. Mbio za miguu si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda, akamtania kwamba sasa wametoshana. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Salama bin Al-Akwa (R.A.), sahaba hodari wa mbio. Walipokuwa wakirejea Madina, mtu mmoja katika Ansari alijigamba kwamba hakuna wa kumshinda. Salama akamwomba Mtume ruhusa ya kushindana naye, akaruhusiwa, akafika Madina wa kwanza. Mtume pia alifundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Basi jambo lililofanywa mbele ya Mtume naye akaliridhia, haifai tuliite upuuzi.

Sasa tumgeukie kijana. Ndugu yangu, unaogopa kuwa wa mwisho katika ardhi ya mabingwa. Ni kweli, ardhi hii ina mabingwa. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Mwaka 2005, katika mji ule ule, Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati, akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, masafa yale yale unayoyaogopa wewe.

Lakini mkimbiaji wa kwetu anayekumbukwa zaidi duniani hakushinda. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza, naye alikuwa wa 57. Alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, giza lilikuwa limekwisha kuingia na mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, bali azimalize. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 5. Aibu ya kuwa wa mwisho iko wapi hapo?

Hata hivyo, Muislamu hukimbia kwa masharti. Kwanza, uliza wadhamini ni nani. Yapo mashindano yanayobeba matangazo ya pombe au ya kamari, na si vyema kifua cha Muislamu kikawa ubao wa matangazo hayo. Pili, ujue zawadi inatoka wapi. Inayotolewa na mwandalizi au mfadhili haina tatizo. Lakini washindani wakichanga fedha ili mshindi azichukue zote, hiyo ni kamari. Tatu, mbio nyingi huanza asubuhi mapema. Hakikisha umeswali Alfajiri kabla ya kujipanga kwenye mstari. Nne, mabinti zetu wasisahauliwe: nguo pana nyepesi na hijabu iliyofungwa vizuri havimzuii mtu kukimbia, na ni bora afuatane na mahramu wake.

Ama maandalizi, jipe wiki 12. Kimbia siku tatu au nne kwa wiki na upumzike siku zilizobaki. Mara moja kwa wiki kimbia masafa marefu, ukiongeza kilomita moja au mbili tu kila mara, hadi ufikie 17 au 18. Zilizobaki utazimaliza siku yenyewe. Kasi yako iwe ile inayokuruhusu kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Usivae viatu vipya siku ya mashindano. Mwezi wa Ramadhani ukikukuta, punguza, na ukimbie karibu na futari au baada ya tarawehe. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Na ukumbuke mafundisho ya Mtume kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Mashindano hayako mbali. Jirani zetu wa Karatu wana Ngorongoro Marathon yenye mbio za kilomita 21, na Moshi ipo Kilimanjaro Marathon yenye nusu marathoni pia.

Wazazi, kijana anayelala mapema ili aamke Alfajiri akimbie amekwisha kuepuka vijiwe vya usiku vinavyotuliza sisi wazazi na walezi. Mlipieni ada ya kujiandikisha. Siku ya mashindano nendeni mkasimame mwisho wa njia, na chupa ya maji mkononi, msubiri mpaka afike, hata kama wenzake wamekwisha kwenda zao.