Saa 1,500 angani: zinapima nini hasa?

Ukitaka kuwa rubani msaidizi wa shirika la ndege za abiria Marekani, kwa kawaida lazima uwe umeruka saa 1,500. Ulaya unaweza kukalia kiti hichohicho ukiwa na saa kama 200 tu. Kwa nini tofauti kubwa hivyo?

Chanzo ni ajali. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air aina ya Q400 (ndiyo, pangaboi zilezile zinazorushwa na Air Tanzania na Jambojet) ilianguka karibu na Buffalo, New York. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake.

Ilikuwa inakaribia kutua, mwendo ukapungua kupita kiasi. Bawa hubeba ndege pale hewa inapopita juu yake bila kubanduka. Ukizidi kuinua pua, hewa inabanduka na bawa linaacha kubeba. Dawa yake ni kusukuma usukani mbele ili pua ishuke. Hebu fikiria: ardhi iko karibu, halafu uelekeze pua chini! Usukani ulitikisika kumwonya kapteni, yeye akauvuta. Mtambo ukausukuma mbele wenyewe, bado akavuta.

Mwaka 2010 Bunge la Marekani likapitisha sheria, na kanuni ya saa 1,500 ikaanza 2013. Kumbe kapteni yule alikuwa na saa zaidi ya 3,000, msaidizi wake zaidi ya 2,000! Tatizo halikuwa idadi. Mazoezi ya wakati ule yaliishia kwenye dalili za mwanzo tu, tena rubani alipimwa kwa kutopoteza kimo. Yaani alizoeshwa kulinda kimo, wakati kilichohitajika ni kukiachia kidogo.

Wanaoitetea kanuni husema Marekani ilikaa karibu miaka 16, hadi Januari 2025, bila shirika lake kupata ajali kubwa kama ile. Ni kweli, ila sheria hiyohiyo ilibadilisha pia muda wa kupumzika na mafunzo yenyewe. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, utajuaje lipi limefanya kazi? Binafsi naweka dau kwenye mafunzo. Saa 1,000 za kumzungusha mwanafunzi juu ya uwanja uleule, jua likiwaka, hazikufundishi kuzuia mkono usivute. Tangu 2019, marubani wa mashirika hayo wanalazimika kuingia kwenye simuleta, kuliacha bawa lipoteze hewa kabisa, kisha wasukume.