Gari linachemsha Arusha? Kagua kwanza kifuniko cha rejeta

Mshale wa joto ukipanda kwenye dashibodi, madereva wengi hufanya jambo moja: kusimama, kuongeza maji ya bomba na kuendelea na safari. Kesho gari linachemsha tena. Mwisho wa siku hedi inapinda, injini inafunguliwa na gari lililokuwa linaleta hela linalala gereji.

Kwa madereva wa Ngarenaro na Arusha nzima, kifaa kidogo cha bei nafuu kinaweza kuwa ndicho chanzo.

Mwinuko una kazi yake

Arusha iko takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hapa maji ya kawaida yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, siyo 100 kama Dar es Salaam. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo nafasi inayobaki ni ndogo sana.

Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoiongeza. Springi na raba yake hubana presha, na maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Raba ikichoka, presha inavuja na kinga hiyo inapotea.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, dereva anaweza kukifungua na kukikagua. Raba ikiwa imepasuka au springi imelegea, anunue kingine chenye namba ileile iliyoandikwa juu, kama 0.9 au 1.1.

Dalili na maana yake

- Linachemsha kwenye foleni, likitembea linapoa: feni, fyuzi au waya wake.
- Linachemsha kwenye mlima au mwendo mrefu: rejeta imeziba, kulanti imepungua au pampu ya maji imechoka.
- Mpira wa juu wa rejeta una joto kali, wa chini wa baridi: huenda themostati haifunguki.
- Maji yanapungua bila kuvuja, moshi mweupe hauishi, oili imekuwa kama chai ya maziwa: gasketi ya hedi. Gari lisiendeshwe, aitwe fundi.

Kutoa themostati siyo tiba

Wapo wanaoing'oa "ili gari lipoe". Kwenye baridi ya Juni na Julai, injini hiyo huchelewa kupata joto lake, hunywa mafuta zaidi na huchakaa mapema. Ikiharibika, ibadilishwe.

Maji ya bomba nayo ni ya dharura tu. Yana madini na hayana dawa ya kuzuia kutu. Kulanti nyingi huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa kuwa mvuke, ila nyingine huuzwa tayari. Maelezo yapo kwenye chupa.

Likichemsha barabarani

Dereva asimame pembeni, azime AC na injini, kisha asubiri angalau nusu saa. Kifuniko kisiguswe kikiwa cha moto: maji yanaruka na kuunguza uso na mikono. Maji baridi nayo yasimiminwe kwenye injini ya moto, maana yanaweza kuipasua.

Kulanti ya zamani isimwagwe kwenye mtaro unaoelekea Mto Ngarenaro. Ina utamu, lakini ni sumu inayoweza kuua mtoto au mbwa. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto.