Je, refa aruhusiwe kutumia pufya?

Mashindano ya soka ya wadi yanapofika hatua ya robo fainali, anayekimbia zaidi uwanjani mara nyingi si mshambuliaji bali ni refa. Mchezaji akichoka hubadilishwa. Refa humaliza dakika zote 90, na pale marefa wanapokuwa wachache, huenda akasimamia mechi ya pili kabla jua halijatua. Ndiyo maana swali hili huzuka miongoni mwa mashabiki: kwa kuwa refa hafungi bao wala hatwai kombe, kuna ubaya gani akimeza dawa ya kumwongezea pumzi na umakini?

Swali lenyewe si la mzaha. Kanuni za kimataifa dhidi ya pufya, yaani dawa za kusisimua misuli, husimamiwa na shirika la WADA. Hapa Kenya zinatekelezwa na ADAK, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2016. Kanuni hizo zinawalenga wanamichezo pamoja na wanaowahudumia, kama vile makocha, mameneja na madaktari. Refa, kwa kazi yake ya kupuliza kipenga, kwa kawaida hatakiwi kutoa mkojo au damu baada ya mechi. Mwaka 2012 aliyekuwa daktari mkuu wa FIFA, Jiri Dvorak, alisema shirikisho hilo linafikiria kuwapima marefa pia.

Wanaotaka marefa waruhusiwe wana hoja. Refa anaruhusiwa kuvaa miwani. Anaruhusiwa kunywa kahawa, na kafeini iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku mwaka 2004 hata kwa wachezaji. Tangu Kombe la Dunia la 2018 anasaidiwa na VAR. Yote hayo ni kwa ajili ya uamuzi sahihi, kwa hivyo wanauliza kwa nini kidonge kikataliwe.

Lakini si kweli kwamba refa hashindani na mtu. Anashindana na marefa wenzake kupangiwa mechi, na mlango wa kwanza ni mtihani wa mbio. Refa wa kiume wa kiwango cha FIFA hukimbia mita 40 mara sita, kila mara kwa sekunde zisizozidi 6. Kisha hukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, na kurudia hivyo mara 40. Mmoja akifaulu kwa msaada wa EPO, wenzake watabaki na njia mbili: kumeza au kubaki nyumbani. EPO huifanya damu kuwa nzito, na moyo unaosukuma damu nzito juani umo hatarini. Ni vigumu kuona kaunti yoyote ikimwomba mwalimu wa shule ya msingi, anayechezesha mechi wikendi kwa marupurupu madogo, ajitie katika hatari hiyo.

Tena, dawa haileti uamuzi bora moja kwa moja. Watafiti wa Ujerumani waliwapa wachezaji 39 wa sataranji dawa za kuamsha ubongo, zikiwemo modafinili na methilifenideti, na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Wachezaji waliotumia dawa hizo mbili walifikiri kwa muda mrefu zaidi kabla ya kusogeza kete, na wakapoteza michezo mingi zaidi kwa kuishiwa na muda. Mtu aliyeketi mbele ya ubao wa sataranji anaweza kuvumilia hayo. Refa anayeamua penalti hana hata sekunde tatu.

Miraa nayo huulizwa sana, kwa kuwa ni zao halali nchini. Ina kathinoni na kathini, na zote mbili zimo kwenye orodha ya WADA siku ya mashindano, ingawa kathini huhesabiwa kosa pale tu inapozidi kiwango fulani kwenye mkojo. Refa anayetafuna ili asisinzie mechi ya pili havunji kanuni hiyo, lakini mchezaji anayemwiga anaweza kuivunja.

Jambo ambalo marefa wengi wa mashinani hulisahau ni kofia mbili. Anayepuliza kipenga Jumamosi na kukimbia mbio za barabarani Jumapili ni mwanamichezo, na anaweza kupimwa hata akiwa mazoezini. Anayefundisha timu anahesabiwa kuwa mhudumu wa wanamichezo, na akipatikana na pufya mkobani bila sababu halali ya matibabu, anaweza kufungiwa. Wenye kofia hizo wamwonyeshe mfamasia pakiti ya dawa yoyote, hata ya mafua, kabla ya kumeza, na waangalie orodha ya WADA, ambayo toleo lake jipya huanza kutumika kila Januari 1.