FAJI: VIRUSI VINAVYOISHI TUMBONI MWAKO

Wengi wetu tunaokuja Guangzhou kununua bidhaa tunabeba vidonge vya Cipro au Flagyl kutoka nyumbani. Tumbo likivuruga kidogo tu, tunameza. Leo tutaangalia kwa nini tabia hii ni ya hatari, na inavyohusiana na virusi vidogo sana vinavyoitwa bakteriofaji, au kwa kifupi faji.

FAJI NI NINI?

Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria tu, wala havishambulii seli za binadamu. Viligunduliwa na Mwingereza Frederick Twort mwaka 1915. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alivikuta tena alipokuwa akichunguza choo cha wagonjwa wa kuhara damu. Hapa China, madaktari wa Shanghai walitumia faji mwaka 1958 kumtibu mfanyakazi wa kiwanda cha chuma aliyeungua vibaya na vidonda vyake kuingiwa na bakteria.

ZINAFANYA KAZI GANI TUMBONI?

Utumbo umefunikwa na ute kwa ndani. Mwaka 2013 watafiti wa San Diego, Marekani, walionyesha kuwa faji hunasa kwenye ute huo na kuua bakteria kabla hawajafika kwenye ukuta wa utumbo. Ni kama askari wa getini.

Hata hivyo, faji zikizidi nazo huleta matatizo. Utafiti uliofanywa kwa panya na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa faji nyingi ziliamsha kinga ya mwili kupita kiasi, na uvimbe wa utumbo ukazidi. Kinachotakiwa ni uwiano.

HATARI IKO WAPI?

Kuna faji ambazo hazimuui bakteria mara moja. Hujificha ndani ya vinasaba vyake na kulala, na baadhi humwezesha kutengeneza sumu. Sumu ya kipindupindu, ugonjwa tunaoujua vizuri kwetu Afrika Mashariki, hutokana na vinasaba vya faji. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1996.

Wapo pia bakteria wa E. koli wenye sumu ya Shiga, ambayo nayo hutokana na faji. Mwaka 2011 bakteria wa aina hii waliingia Ujerumani kupitia mbegu za uwatu zilizooteshwa. Watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walifariki.

Baadhi ya antibayotiki, Cipro ikiwemo, zinaweza kuamsha faji hiyo iliyolala. Ikiamka huzaliana, humpasua bakteria, na sumu humwagika tumboni. Sumu ikiingia kwenye damu inaweza kuharibu figo, hasa za watoto na wazee. Kwa hiyo kidonge ulichomeza ili upone kinaweza kukuongezea ugonjwa.

UFANYE NINI?

1. Ukiharisha kawaida, kunywa ORS. Ukikosa, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

2. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au mkojo kupungua, usimeze chochote cha kwenye sanduku. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ulizia kliniki ya magonjwa ya tumbo, kwa Kichina "changdao menzhen". Dharura piga 120.

3. Mwonyeshe daktari dawa zote ulizokwisha kumeza. Kipimo cha choo ndicho kitakachoonyesha dawa inayofaa.

4. Daktari akikuandikia antibayotiki, zitumie kama alivyoelekeza. Kuna magonjwa ambayo bila hizo hayaponi.

5. Usimgawie mwenzako vidonge vilivyobaki, hata kama dalili zake zinafanana na zako.

Kumbuka pia kunawa mikono kwa sabuni, na nyama ya kusaga iive mpaka ndani. Kinga ni bora kuliko tiba.