MFUNGUE MBWA WAKO... LAKINI AKIITWA AJE!

MBWA wangu wa kwanza aliitwa Polisi. Jina lilikuwa la vitisho tu, maana hata mwizi wa ndizi alikuwa akimtupia kipande cha muhogo wanakuwa marafiki. Mchana nilimfunga mnyororo chini ya mwembe, usiku namfungulia azunguke. Ndivyo tunavyofuga wengi wetu hapa Muheza, au siyo?

Siku moja asubuhi mnyororo ukakatika. Polisi huyooo, akachomoka kuelekea barabara kuu, ile itokayo Segera kwenda Tanga. Nikaita, "Polisi! Polisi! Njoo hapa!" Kadiri nilivyoita ndivyo alivyokazana. Baada ya muda akarudi mwenyewe, ulimi nje, mkia unacheza. Nikamkamata shingoni, nikamtandika bakora za kutosha. Nilidhani nimemtia adabu. Kumbe nimemfundisha kitu kingine kabisa!

Siku chache baadaye akachomoka tena. Safari hii akavuka lami, akasimama ng'ambo, akanigeukia. Nikamwita. Akaanza kuja. Alipofika katikati ya barabara akaiona fimbo mkononi mwangu, akasita. Fuso lililosheheni machungwa halikusita.

Mpenzi msomaji, dereva hakuwa na kosa, na mbwa hakuwa na kosa. Mwenye kosa ndiye anayeandika haya. Polisi alijua vizuri sana maana ya neno "njoo". Maana yake ilikuwa kipigo.

KAMBA SI MALEZI

Wengi tunaamini kwamba mbwa akifungwa kutwa ndipo anapokuwa mkali na mlinzi mzuri. Ukali kweli anaupata, lakini ni ukali wa mahabusu. Hajui watoto wa jirani, hajui kuku, hajui bodaboda. Siku akifunguka anakwenda kama aliyevunja jela, na kila kinachokimbia mbele yake ni cha kukimbizwa.

Wengine hawafungi kabisa. Mbwa anazurura sokoni, anapekua majalala, anapigana, anazalisha ovyo, kisha anarudi alfajiri kulala. Ukiulizwa, "Jirani, mbwa wako keshamaliza kuku wangu!" unajibu, "Aa, huyo si wangu, anakuja tu hapa." Mgosi, anakuja tu, na sahani anayo?

Lakini tusidanganyane, shambani mbwa wa kamba hasaidii kitu. Mwenye mahindi, muhogo au machungwa yanayopakana na msitu anawajua maadui zake: nyani, ngedere na nguruwe pori. Nyani si mjinga. Akishaupima urefu wa kamba anakaa hatua moja tu mbele ya pua ya mbwa na kula mahindi yako huku akimtazama.

Kwa hiyo swali si kama mbwa afungwe au afunguliwe. Swali ni moja tu: ukimwita atakuja? Akija, huyo hahitaji kamba. Asipokuja, hata ukimwita "mlinzi" huyo bado ni mzururaji.

WANAZUONI WALISHALIONA HILI

Hapa pwani habari ya mbwa ina uzito wake. Jirani anayekwenda msikitini na udhu wake hataki kulambwa kanzu na mbwa wako, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa Waislamu wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo linajulikana na liheshimiwe.

Lakini wengi husahau upande wa pili. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa, na Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, inazungumzia wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Wanazuoni wakauliza: mbwa aliyefundishwa anajulikanaje? Jibu lao ni kwamba akitumwa anakwenda, akizuiwa anasimama, akikamata mnyama hamli, tena iwe ameyafanya hayo mara kadhaa, si kwa bahati.

Soma tena masharti hayo. Hakuna hata moja linalotaja ukali wala kubweka. Yote ni utii wa mbwa aliye mbali na bwana wake, bila kamba. Tena tuelewane, sisemi uende kuwinda. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Nasema tu kwamba kipimo kilikuwepo karne na karne kabla yetu.

KAMA PANYA ANAFUNDISHIKA...

Utasikia mtu anasema, "Hawa wa kwetu ni mbwa koko, hawafundishiki, labda wale wa Kizungu." Mwambie asafiri mpaka Morogoro. Pale, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya, bwana! Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia na kugundua mabomu na vitu vya milipuko zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu. Alikufa Januari 2022 akiwa mstaafu.

Unajua walimu wake walitumia nini? Si fimbo. Panya akipatia, mwalimu anabonyeza kidude kinacholia "ka!" halafu anampa ndizi. Panya anajifunza kwamba mlio ule ni habari njema. Basi kama panya anafundishika kwa ndizi, mbwa wa Muheza atashindwa kwa dagaa?

HAYA, TUANZE DARASA

Kwanza, jina na neno. Jina liwe fupi, na neno la kumwitia liwe moja kwa nyumba nzima. Siyo baba anasema "njoo", mama anasema "kuja", watoto wanapiga miluzi kila mmoja ya kwake. Mimi napendelea filimbi, au mluzi wa aina moja. Filimbi haina hasira, tena inasikika mbali kwenye michungwa.

Pili, malipo. Kata dagaa wakavu vipande vidogo vidogo, weka mfukoni. Anza uani kwenye utulivu, kabla hajala. Piga filimbi mara moja tu, akija mpe dagaa papo hapo na maneno matamu, kisha mwache aende zake. Dakika tano zinatosha, mara mbili tatu kwa siku. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo mtoto wa mbwa ni bora zaidi, lakini hata mbwa mzima anajifunza ukiwa na subira.

Tatu, kamba ndefu. Hapa Tanga hatuna haja ya kuagiza vifaa ng'ambo. Tunayo katani ya mkonge, zao lililoingia katika pwani yetu mwaka 1893. Tafuta kamba ya mita 10 hadi 15, uifunge kwenye mkanda mpana unaopita kifuani, siyo kitanzi cha shingoni. Usiizungushe mkononi mwako. Mbwa akichomoka katani itakuchuna ngozi. Nenda naye mahali pa wazi, mwache atembee akiiburuta. Mwite mara moja. Asipokuja usipige kelele wala usimkimbilie, maana ataona ni mchezo. Chuchumaa, au geuka na ukimbie upande wa pili. Mbwa humfuata anayekimbia. Ikibidi ndipo umwongoze kwa kamba taratibu, na akifika mlipe vilevile.

Nne, vishawishi. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Mbwa anayekuja vizuri uani hajafuzu bado. Mpeleke awaone kuku wakiwa mbali, hatua 30 hivi, umwite. Akipatia mara nyingi, sogea hatua 20, kisha 10. Halafu mbuzi, halafu baiskeli, halafu bodaboda. Akishindwa, kosa ni lako, umesogea mapema. Rudi nyuma.

Tano, kata kamba. Usiivue yote siku moja. Kila wiki punguza kipande, mpaka abaki anaburuta kishungi cha kama futi moja. Yeye hatajua ni siku gani kamba iliisha. Kazi hii yote ni ya miezi, siyo ya wikiendi moja.

MAKOSA YANAYOHARIBU KAZI

Kosa kubwa kuliko yote nimekwisha kusimulia: kumpiga mbwa aliyerudi. Hata kama amechelewa saa nzima, hata kama ana manyoya ya kuku mdomoni, akifika mikononi mwako sema ahsante. Mbwa huunganisha adhabu na kile anachofanya dakika ile, na dakika ile amerudi nyumbani. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, hata kama ni wa kwako.

Kosa la pili, kumwita kwa ajili ya kumfunga tu. Atakujua. Mwite mara kumi, mara tisa umwachie tena.

Kosa la tatu, kumfungua pasipofaa. Kandokando ya lami, stendi, sokoni, shuleni na penye nyumba za ibada afungwe kamba, hata awe hodari namna gani. Na ukipanda Amani, mwache nyumbani. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na wanyama wa pale hawakuja kukimbizwa na mbwa wako. Jike aliye kwenye joto naye asiachiwe kwa muda wa wiki tatu hivi, la sivyo utapata wakwe usiowajua. Kama huhitaji watoto, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kufunga uzazi au kuhasi.

KABLA YA YOTE, MCHANJE

Hapa sina mzaha. Mbwa anayetembea huru anakutana na mbwa wengine, na kichaa cha mbwa hupita kwa mate. Karibu wagonjwa wote wa kichaa duniani, asilimia 99, huupata ugonjwa huu kutoka kwa mbwa, na dalili zikishamtokea binadamu huwa karibu hakuna kupona. Wanaoumwa zaidi ni watoto.

Dawa ni chanjo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wenzetu wa Pemba walionja ushindi huo. Kichaa kilikatika mwaka 2014, uchanjaji ukalegea, kikarudi 2016, wakachanja tena mpaka kikadhibitiwa 2018. Fundisho ni kwamba hakuna kupumzika.

Sasa unganisha mambo. Siku bwana mifugo anapokuja kuchanja, ni mbwa gani hukosa sindano? Ni yule asiyeshikika! Mwenyewe anakimbizana naye mitaani mpaka jua linazama. Anayekuja akiitwa anachanjwa na kurudi zake. Kwa hiyo hizo dakika tano za dagaa ni kinga ya mtoto wako na wa jirani pia.

Na mtu akiumwa na mbwa, wowote uwao, oshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Mambo ya kupaka pilipili au kungoja uone mbwa atakuwaje yamekwisha kuua watu.

SIKU YA MTIHANI

Baada ya Polisi nilikaa muda mrefu bila kutaka mbwa. Baadaye nikapata mwingine, wa kienyeji hasa, masikio juu, rangi ya udongo. Nikamwita Bosi, ili na mimi katika maisha yangu nipate kumtuma Bosi. Tulianza na dagaa, tukaenda kwenye kamba, kuku wa jirani wakawa walimu wetu.

Msimu wa machungwa ukafika. Asubuhi moja ngedere wakashuka kwenye mchungwa wa mwisho, ule ulio karibu na barabara. Bosi akaenda kama risasi. Ngedere wakatawanyika, mmoja akakatiza kuelekea lami, na Bosi nyuma yake. Nikasikia ngurumo ya lori upande wa Segera. Kwa nusu dakika nikamwona Polisi tena.

Nikapiga filimbi. Mara moja tu. Mkononi sikuwa na kitu.

Bosi akageuka huku mbio zikiwa bado hazijamwisha, mpaka vumbi likaruka. Akaja moja kwa moja, akakaa mbele yangu, akautazama mfuko wa suruali. Lori likapita. Nilimpa dagaa wote waliokuwemo, na sioni aibu kusema kwamba macho yalinilenga.

Mama watoto analalamika kwamba nguo zangu zote siku hizi zinanuka dagaa, hata ile suruali ya harusini. Namwambia avumilie tu, harufu ya dagaa hutoka kwa sabuni.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.