Tangi lenye mimea halihitaji chujio la nguvu

Ukienda dukani kununua chujio la tangi la samaki, jambo la kwanza utakaloonyeshwa ni namba iliyo kwenye boksi: lita 400 kwa saa, lita 800, lita 1,000. Wengi huamini kwamba namba ikipanda, maji nayo yatatakata zaidi. Kwa tangi lenye samaki watupu, imani hiyo ina msingi kiasi. Tangi lililopandwa mimea lina hesabu nyingine, kwa kuwa mimea yenyewe huchuja maji usiku na mchana. Chujio lake linapaswa kuchaguliwa kwa kuangalia kazi inayobaki.

Uchafu unaoua samaki hauonekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Bakteria wanaojishikiza kwenye sponji, changarawe na vioo huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo zaidi. Kwa hiyo chujio kwanza ni makazi ya bakteria. Kunasa takataka ni kazi ya pili. Mimea nayo huihitaji amonia hiyohiyo kama chakula, na mingi ya majini huichukua kabla ya naitreti, hoja ambayo Mmarekani Diana Walstad aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ikolojia ya matangi yenye mimea. Gugu la Ceratophyllum, linaloota lenyewe Ziwa Victoria, halina mizizi kabisa. Hunyonya chakula chake moja kwa moja kutoka majini, nalo hukua haraka.

Ndiyo maana kwa tangi dogo la nyumbani, tuseme la lita 60, lenye mimea tele na samaki wadogo wachache, chujio la sponji linatosha. Pampu ndogo husukuma hewa kwenye mpira mwembamba, mapovu hupanda ndani ya bomba, na yanapopanda huvuta maji yapite kwenye sponji. Bei yake ni nafuu, na vifaranga vya samaki havifyonzwi. Umeme ukikatika, sponji hubaki ndani ya maji ya tangi yenye oksijeni, ilhali bakteria waliofungiwa ndani ya chujio la nje la mtungi huimaliza oksijeni yao na huanza kufa baada ya saa kadhaa. Tahadhari ni moja: pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, au mpira ufungwe vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukizimika maji yatateremka hadi kwenye pampu.

Wapo watakaopinga kwamba mapovu hupoteza hewa ukaa inayohitajiwa na mimea. Hoja hiyo ina uzito kwa anayeongeza hewa hiyo kwa mtungi wa gesi. Huyo anunue chujio la nje na kuelekeza mkondo wake chini ya uso wa maji. Asiyeongeza chochote hana kikubwa cha kupoteza, maana maji yanayotikisika hupokea hewa ukaa kutoka angani kama yanavyoitoa. Wengine watauliza kuhusu samaki wakubwa wenye kinyesi kingi. Hao kweli wanahitaji chujio kubwa zaidi, lakini hata hapo namba ya boksi isiaminiwe, kwani kwa kawaida hupimwa chujio likiwa tupu. Kinga maji yanayotoka kwa jagi la lita moja huku ukitazama saa: likijaa kwa sekunde 12, chujio linatoa lita 300 kwa saa, hata kama boksi limeandikwa 500.

Kosa linaloharibu machujio mengi hutokea siku ya usafi. Sponji ikisuguliwa chini ya bomba hadi ing'ae, klorini ya maji ya bomba huua bakteria waliojijenga kwa wiki nyingi. Teka maji ya tangi kwenye ndoo, ikamue sponji humo mara tatu au nne mpaka maji yawe ya kahawia, kisha irudishe ikiwa bado na weusi kidogo. Maji hayo ya kahawia mwagilie maua, ni mbolea.