Kinundu Kwenye Pafu: Kompyuta Inapima Nini?

Nyama ya pafu haina neva za maumivu. Ndiyo maana saratani ya mapafu hukua kimya, na mgonjwa anapoanza kukohoa damu au kukonda, mara nyingi imeshasambaa. Njia iliyothibitika kuwahi ugonjwa huu kwa wavutaji sigara wa muda mrefu ni kipimo cha CT cha mionzi midogo, kabla ya dalili yoyote.

Ushahidi mkubwa ulitoka Marekani mwaka 2011, katika utafiti wa NLST wa watu 53,454. Waliopimwa kwa CT, vifo vyao vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei ya kifua. Lakini kati ya kila majibu 100 ya CT yaliyotia shaka, zaidi ya 96 hayakuwa saratani. Yalikuwa makovu na vinundu visivyo na madhara, na nyuma ya kila jibu kulikuwa na mtu aliyekosa usingizi, na wengine walichomwa sindano ya kutoa kinyama bila sababu.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Kinundu cha milimita 8 kikifika 10, jicho huona badiliko dogo tu, ilhali ujazo wake umekaribia kuwa maradufu. Utafiti wa NELSON wa Uholanzi na Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2020, ulitumia programu ya kupima ujazo huo. Kinundu chenye chini ya milimita za ujazo 50 hakikuhitaji kipimo cha ziada kabla ya duru iliyopangwa. Cha kati ya 50 na 500 kilipimwa tena baada ya miezi mitatu hivi. Waliokimbizwa kwa bingwa bila sababu walikuwa wachache kuliko katika NLST, na vifo vya saratani hiyo kwa wanaume vilipungua kwa asilimia 24 katika miaka kumi.

Mwaka 2019 watafiti wa Google walishindanisha akili mnemba na madaktari sita wa radiolojia. Pasipokuwa na picha ya awali, programu iliwashinda. Madaktari walipopewa picha ya mwaka uliotangulia, walikwenda nayo sawa. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa la utafiti ule: historia ya pafu ina thamani sawa na mashine ya gharama.

Programu ile ilifunzwa kwa picha za NLST, ambazo zaidi ya asilimia 90 ni za Wazungu. Afrika Mashariki mapafu mengi yana makovu ya kifua kikuu, na kovu laweza kufanana na saratani. Hospitali isinunue programu kabla haijajaribiwa kwa picha za wagonjwa wetu wenyewe, na jibu la mwisho litiwe sahihi na daktari.

Nawe msomaji, uliyewahi kupigwa picha ya kifua, usiitupe filamu wala CD yake. Nenda nayo kila unapokwenda kupimwa.